Arosto ya dakika chache: shajara ya mradi wa programu ya kuwasaidia wanawake kuacha sigara

Januari

Tumeanza rasmi. Timu ni ndogo, kuna fundi wa programu, kuna nesi ambaye amekaa na wavutaji miaka mingi, na mimi ninayeandika meseji na kuongea na wadada watakaotumia hiki kitu. Tumekubaliana kabla hatujachora hata skrini moja tusome kwanza wenzetu wamefika wapi, maana habari ya kuacha sigara kwa msaada wa simu sio ya jana wala juzi. New Zealand walishajaribu meseji na matokeo yao yakatoka 2005. Uingereza wakaja na jaribio kubwa la txt2stop, likachapishwa kwenye jarida la Lancet 2011, watu 5,800, na kilichonifurahisha ni kwamba hawakuishia kumuuliza mtu "umeacha?" akajibu ndiyo wakaandika, waliwaomba na mate wakapime. Baada ya miezi 6, waliokuwa wanapata meseji za kuwasukuma waache, 10.7% walikuwa hawavuti, na wale waliopata meseji zisizohusu kuacha ni 4.9%. Kuna mtu nilimwonesha akaniuliza, asilimia kumi tu? Mimi naangalia tofauti, hao wa kwanza ni zaidi ya mara mbili ya hao wa pili, na hiyo ni meseji tupu jamani, maneno machache kwenye simu ya kawaida, hakuna picha hakuna muziki.

Kwenye apu zenyewe mambo hayajanyooka hivyo. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti za simu yakasema meseji zinasaidia ila kwa apu za simu janja ushahidi ulikuwa bado hautoshi. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa iCanQuit kule Marekani, watu 2,415 na wengi wao wanawake, nusu wakapewa apu inayomfundisha mtu kuikubali hamu na kuiacha ipite yenyewe, nusu wakapewa QuitGuide inayofuata mtindo uliozoeleka wa kukwepa vishawishi. Baada ya miezi 12, waliosema wamekaa siku 30 bila kuvuta ni 28.2% upande wa kwanza na 21.1% upande wa pili. Hayo ni majibu ya watu wenyewe, hayakupimwa kwa mate kama yale ya Uingereza, lakini ni mwaka mzima huo na tofauti bado inaonekana. Na 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, humo meseji na apu zimo, kama nyongeza kwenye msaada mwingine au kama zana ya mtu kujisaidia mwenyewe.

Kwa hiyo uamuzi wetu wa kwanza ni huu, uti wa mgongo ni meseji na apu inakaa juu yake. Mwenye simu ya batani apate yote ya muhimu, mwenye simu janja aongezewe vingine.

Februari

Kila tukieleza mradi tunaulizwa swali lile lile, kwa nini wanawake peke yao. Naandika jibu hapa mara moja ili tusiwe tunarudia.

Tuanze na mwili. Ini la mwanamke kwa wastani linaiondoa nikotini haraka kuliko la mwanaume, na estrojeni, homoni ya kike, ndo inayolisukuma, kwa hiyo anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nikotini inamuisha mapema zaidi na mjamzito ndo kabisaa. Maana yake hata hamu inaweza kurudi upesi, mtu kavuta sasa hivi na baada ya muda mfupi anaitafuta tena, halafu watu wanamuona hana msimamo wakati damu yake ndo iko hivyo. Vidonge hivyo hivyo na sigara havipatani, hasa ukishafika miaka 35, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapanda, na wadada niliokwisha kuongea nao wachache sana waliwahi kuambiwa na mtu. Na kwenye moyo, uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, nao uko Lancet 2011, ulionesha kwamba hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inayoletwa na sigara kwa mwanamke inaizidi ya mwanaume kwa asilimia 25 hivi.

Halafu kuna suala la unene, na hapa lazima nitaje historia kidogo. Mwaka 1928 matangazo ya Lucky Strike yalikuwa yanawaambia wanawake wa Marekani wakitamani kitu kitamu wachukue sigara badala yake. Mwaka uliofuata Edward Bernays, mtaalamu wa uenezi aliyekuwa analipwa na kampuni ya tumbaku, akawapanga wasichana wapite New York kwenye gwaride la Pasaka wakivuta hadharani na sigara zao zikapewa jina la mienge ya uhuru. Karibu miaka mia imepita na bado naongea na binti ananiambia anavuta ili asinenepe. Hiyo hofu ilipandwa kwa makusudi na kwa hela nyingi, so apu inayomwambia mwanamke "usijali uzito" halafu ikanyamaza inamuacha palepale ilipomkuta.

Ila kuna habari moja nzuri naipenda kuliko zote. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya milioni kwa miaka mingi, unaitwa Utafiti wa Wanawake Milioni, Richard Peto alikuwa mmoja wa watafiti. Walioendelea kuvuta walipoteza walau miaka 10 ya kuishi, lakini walioacha kabla ya kufika 40 waliepuka zaidi ya 90% ya hatari ya ziada ya kufa, na walioacha kabla ya 30 zaidi ya 97%. Nimeomba hiyo iwe kwenye meseji ya kwanza kabisa anayoipata mtu akijiunga. Vitisho wameshavisikia vya kutosha, kwenye pakiti, kwa daktari, kwa mama zao, huyu mtu anahitaji kuambiwa kwamba bado anawahi.

Machi

Mwezi wa kusikiliza. Nimeongea na wanawake wanaovuta, walioacha, walioacha wakarudi, wa rika tofauti, na nilikuwa nimejiandaa na maswali mengi ya apu, rangi, vitufe, muda wa meseji, ila karibu kila mazungumzo yalivutwa kwenda kwenye kitu kimoja: siri.

Wanaume wengi wanavuta barazani mbele za watu. Hawa wengi wao wanavuta bafuni, nyuma ya nyumba, dirishani usiku watoto wakishalala, kuna anayetembea na manukato na peremende kwenye mkoba kila siku ya Mungu. Mama mmoja aliniambia mume wake anajua ila mama mkwe hajui na wanaishi nyumba moja, na simu yake watoto wanaichezea game. Sasa fikiria apu inamrushia kwenye skrini "Hongera, siku ya tatu bila sigara!" wakati simu iko mkononi kwa mtoto wa miaka tisa anayejua kusoma. Umemuumbua.

Kwa hiyo haya tumeyapitisha bila mjadala mrefu. Ikoni ya apu haina picha ya sigara wala mapafu. Mwenye apu anachagua mwenyewe jina litakaloonekana kwenye simu yake. Notifikesheni inasema tu una ujumbe, na ujumbe wenyewe unafunguka kwa namba ya siri. Kwa wale wa meseji za kawaida ni ngumu zaidi maana meseji inakaa pale pale mtu yeyote aione, hivyo wakati wa kujiunga tunamuuliza kama anataka meseji za wazi au za mafumbo, na za mafumbo tumeziandika hivi: "Leo maji mengi, matembezi mafupi jioni. Uko vizuri." Yeye anaelewa, mwingine akisoma anaona ushauri wa afya.

Jambo la pili lililojirudia sana ni mapumziko. Wengi walisema ile sigara ndo dakika pekee kwenye siku nzima ambayo hakuna anayewaita. Hajakaa tangu alfajiri, akitoka nje kuvuta ndo anakaa. Nesi wetu alinyamaza kidogo akasema basi ukimnyang'anya sigara bila kumrudishia zile dakika umemnyang'anya viwili. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani, na ndo iliyoamua namna tulivyotengeneza kitu cha mwezi uliofuata.

Aprili

Kitufe cha arosto, yaani ile hamu kali ya sigara. Hii ndo roho ya apu nzima na tumeikalia mwezi mzima.

Hamu ya sigara huwa inapanda, inafika juu, halafu inashuka yenyewe ndani ya dakika chache, uvute usivute. Mtu akiwa katikati yake haamini, anaona itakaa hivyo milele na itampasua. Apu nyingi tulizojaribu ukishikwa na hamu unafungua, unakutana na menyu, unachagua "vidokezo", unapewa orodha ndefu kunywa maji pumua piga simu kwa rafiki, na mpaka umalize kusoma ushawasha. Sisi tumesema kitufe ni kimoja, kipo mbele, ukibonyeza tu sauti inaanza hapo hapo. Sauti ya mwanamke, mtu mzima, haharakishi. Imehifadhiwa kwenye simu yenyewe kwa hiyo haitaki bando wala mtandao. Ukivaa iyafoni aliye pembeni anadhani unasikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu yako.

Inasema hivi mwanzoni: "Nipo. Usifanye kitu bado. Iko wapi hiyo hamu, kifuani, mdomoni, kwenye vidole? Iangalie tu. Huhitaji kuifukuza." Halafu inampeleka kwenye pumzi taratibu, kuvuta hewa, kuishika kidogo, kuitoa ndefu kuliko ulivyoivuta, maana na yenyewe sigara sehemu ya utulivu wake ni ile pumzi ndefu. Halafu kimya kidogo. Halafu inarudi kumuuliza imesogea? Hapo tumefuata njia ile ya kuikubali hamu, na pia tumejifunza kwa watu wa Chuo Kikuu cha Arizona waliotengeneza See Me Smoke-Free, apu ya wanawake iliyotumia sauti za kumuongoza mtu ajione moyoni akiwa hana sigara, anakula vizuri, anatembeza mwili, vyote pamoja. Kikubwa ni kwamba zile dakika ni zake. Anakaa, hakuna anayemwita, sigara haipo ila kukaa kupo.

Mwisho wa sauti yanatokea majibu matatu tu ya kubonyeza: Imepita. Bado. Nimevuta. "Bado" inaanzisha sauti nyingine fupi, tofauti na ya kwanza. "Nimevuta" ndo imetuletea mjadala wa mwezi mzima unaofuata.

Mdada mmoja kwenye majaribio alirudisha mrejesho nikausoma mara nyingi sana, alisema alibonyeza akiwa kasimama kazini kwenye ngazi, na ilipofika kwenye kimya akajikuta analia, sio kwa sigara, kwa kuchoka tu, halafu akarudi ndani. Hakuvuta. Aliomba ile sehemu ya kimya iongezwe. Tumeiongeza.

Mei

Kaunta. Karibu kila apu ya kuacha sigara ina kaunta, siku ulizokaa bila kuvuta, na ukivuta moja inarudi sifuri. Fundi wetu anaipenda na ana sababu, watu wanapenda kuona namba inakua na wanaogopa kuipoteza, na hiyo hofu inawashika. Kwa anayeendelea vizuri ni kweli kabisa. Tukatengeneza za aina mbili na kuwapa watu tofauti, moja inarudi sifuri, nyingine inajumlisha siku zote bila sigara na haishuki hata ukivuta, inasubiri tu kesho iongeze.

Tuliyoyaona kwa hawa wachache hayawezi kuitwa utafiti lakini yametuonesha njia. Wale wa sifuri, wakishateleza, wengi hawakufungua apu tena. Mmoja nilipompigia alisema "nilikuwa na wiki tatu, nikavuta moja kwenye msiba, nikaona sina kitu, nikamaliza pakiti". Angalia hiyo hesabu ilivyomdanganya. Mwili wake ulikuwa umekaa wiki tatu bila sigara, zile siku za kwanza ambazo ndo mbaya kuliko zote alishazivuka, hasira, kukosa usingizi, kichwa kutotulia, vitu ambavyo kwa kawaida hukaza wiki ya kwanza na kulegea ndani ya wiki mbili hadi nne, vyote hivyo alishavilipia na simu ikamwandikia 0.

Nesi akauliza swali la haki, je tukiacha namba isishuke hatumdanganyi mtu kwamba kuvuta moja sio kitu? Maana moja kweli inaweza kurudisha zote. Tulibishana kwa siku kadhaa. Tulipofika ni hapa: jumla haishuki, imeandikwa "siku zako bila sigara". Tarehe ya sigara ya mwisho imehifadhiwa kwenye ukurasa wa ndani anaoufungua akitaka mwenyewe, nayo ni ya kweli haijapakwa rangi. Na akibonyeza "Nimevuta" anaulizwa mambo mawili, ilikuwa wapi na alikuwa anajisikiaje, halafu anaulizwa kama zimebaki sigara karibu yake na kama yuko tayari kuzitoa sasa hivi. Hakuna pole ndefu, hakuna lawama, hakuna uso wa kununa. Watu wazima hawa, wengi wameshajilaumu kabla hata kipisi hakijazima.

Juni

Fupi. Faragha ya data. Kuna utafiti wa 2019 uliochunguza apu 36 maarufu za huzuni na za kuacha sigara ukakuta 29 zinatuma taarifa kwenye huduma za makampuni makubwa ya matangazo, na nyingi hazikumwambia mtumiaji wazi. Sasa hapa kwetu mtu anatuandikia anavuta, ana mimba, anajificha kwa mkwe. Tumeng'oa kila kipande cha kufuatilia kilichokuja na zana tulizotumia, hatuombi jina, hatuchukui mahali mtu alipo, majibu yake yanabaki kwenye simu yake mpaka aruhusu mwenyewe. Fundi amelalamika kwamba hatutajua apu inatumikaje na ni kweli itakuwa ngumu, tutawauliza watu kwa mdomo.

Julai

Wajawazito. Niliogopa huu mwezi na haukuwa rahisi.

Sigara kwenye mimba inapunguza uzito wa mtoto, inaongeza hatari ya kuzaliwa njiti, kondo kung'oka kabla ya wakati, na mtoto kufa ghafla usingizini baada ya kuzaliwa. Kuacha wakati wowote wa mimba kunasaidia na mapema ndo bora zaidi. Hizo tumeziandika kwa upole, mara moja, hatuzirudii kila siku maana mama anayevuta akiwa na mimba anabeba aibu ambayo sijaiona kwa mvutaji mwingine yeyote, na aibu hiyo ndo inamfanya amdanganye mkunga, akikosa kusema anakosa na msaada. Kuhusu dawa, vibandiko na chingamu za nikotini, apu haimshauri mjamzito chochote, inamwambia aongee na anayemhudumia kliniki na inampa sentensi tatu za kuanzia mazungumzo, kwa sababu wengi walisema hawajui waanzeje.

Baada ya kujifungua ndo mtego mwingine. Wengi wanaoacha kwa ajili ya mimba wanarudi mtoto akishazaliwa, usingizi hakuna, sababu iliyokuwa tumboni imetoka, na meseji za programu nyingi zinaishia siku ya kujifungua kama vile kazi imekwisha. Za kwetu zinaendelea, na miezi ya mwanzo ya kulea zinaongezeka, nyingine zinakuja usiku wa manane kwa anayeomba, saa za kunyonyesha.

Halafu nesi akauliza, na mama akipoteza mimba? Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliwaza, na kila mtu mezani alimjua mtu. Meseji ya "mtoto wako sasa anasikia sauti yako" kumfikia mwanamke aliyetoka hospitali mikono mitupu, hapana. Kwa hiyo kuna neno moja tu la kutuma, au sehemu moja ya kubonyeza, ujumbe wote wa mimba unasimama hapo hapo, haulizwi sababu, anapata ujumbe mmoja wa kumwambia tupo na anaweza kuendelea na safari ya kuacha au kupumzika kwanza. Tumeijaribu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye programu yote. Lazima ifanye kazi hata mtandao ukiwa mbovu.

Agosti

Uzito. Tumeandika ukweli wenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwenye jarida la tiba la BMJ 2012 unasema anayeacha bila dawa anaongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka, sehemu kubwa miezi 3 ya mwanzo, na wapo wanaopungua. Nikotini ilikuwa inapunguza njaa na kuuchochea mwili utumie nguvu zaidi, ikiondoka mwili unarudi kwenye hali yake. Kumwambia kabla ni bora kuliko akutane na mizani peke yake akajua amedanganywa. Hatujaweka kaunta ya chakula. Wadada wenyewe walisema wakianza kujibana vyote viwili kwa pamoja wanashindwa vyote, basi tunawashauri sigara kwanza, matembezi yakiwezekana, mengine baadaye.

Septemba

Sasa tunajiandaa kupima kwa haki. Watakaojiunga kwenye jaribio tutawauliza baada ya miezi 6, na wakikubali tutapima. Kipimo cha kupuliza cha kaboni monoksidi ni chepesi lakini kinaona uvutaji wa siku moja hivi tu, aliyevuta siku tatu nyuma anaweza kuonekana msafi. Mate yanaonesha kotinini, kitu kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini, ambayo inakaa siku kadhaa, ila anayetumia kibandiko au chingamu ya nikotini naye atatoka chanya wakati havuti, na kwa mjamzito kotinini inaondoka haraka kwa hiyo kiwango cha kumtenganisha anayevuta na asiyevuta hakiwezi kuwa kimoja kwa wote. Tumekubaliana wenye vibandiko au chingamu wapulize, wengine watoe mate, na asiyepatikana ahesabiwe kwamba bado anavuta, hata kama itatushusha namba. Fundi anamalizia ukurasa wa ridhaa, nesi anaandika maelezo ya kipimo kwa lugha ambayo mtu anaielewa akisoma mara moja, na mimi narekodi upya ile sauti ya pili ya "Bado", wengi wamesema inaongea haraka mno kwa mtu ambaye ya kwanza imeshamshinda.